Mwezi Mmoja, Mpaka Kati

 

Tuwatazame ndugu zetu Wadigo na Wasegeju wakaao Vanga na Lunga Lunga upande wa Kenya, na Jasini na Horohoro upande wa Tanzania. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukaizunguka Kilimanjaro kwa kaskazini hadi Ziwa Viktoria. Sayyid Barghash wa Unguja hakushauriwa. Alitakiwa kuridhia tu. Ikiwa Sultani hakuulizwa, mvuvi wa Vanga angeulizwa na nani?

Watu waliendelea kuoana na kuzikana. Lakini Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka, usifunguliwe hadi 1983. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifikia umri wa kuingia chuoni kabla ya kupata njia ya halali ya kwenda kumwamkia bibi yake. (Njia za panya zilikuwepo, tusidanganyane.)

Leo kuvuka ni kwepesi zaidi. Limebaki la mwezi. Imetokea zaidi ya mara moja Idi kutangazwa Kenya siku moja na Tanzania siku nyingine. Mama amefunga, na bintiye ng'ambo ya pili anapika pilau. Wapo wanaotoa hoja kwa kisa cha Kuraib, aliporejea Madina kutoka Sham na Ibn Abbas asiuchukue mwandamo wa Sham. Kisa ni sahihi, amekipokea Muslim. Lakini baina ya miji ile ni safari ya siku nyingi, na wanazuoni waliojengea hapo hoja ya matlai walitazama umbali, hawakutazama kituo cha forodha. Kusema kila mtu afuate mamlaka ya nchi yake ili kuepusha fitna, hiyo ni hoja nyingine, nasi hatuidharau.

Mzee mmoja wa huko alituuliza: amevuka akiwa na saumu, amewakuta wanawe katika sikukuu, afanyeje? Tukamjibu afuate watu wa mahali alipofika. "Na nikirudi kwangu alasiri?" Tukamwambia ajizuie na kula hadi magharibi. Alicheka sana mzee yule, nasi tukainamisha vichwa.