Kidonda cha Uso Kisichopona

Somo la leo ni juu ya saratani ya ngozi ya uso: jinsi daktari anavyoiondoa, kisha akautengeneza uso.

Nyinyi wa Kanoni, huko Karagwe, mnaijua ndago katika shamba la migomba. Ukikata majani tu, mzizi ukabaki, huota tena. Na ukitandaza nyasi juu yake, hutaiona mpaka imeenea. Saratani nayo ni vivyo hivyo.

Huanza kidogo: kidonda cha mdomo, sikio au pua kisichopona mwezi mzima. Jua kali huileta. Wenye ualbino huipata mapema, kwa kuwa ngozi yao ina upungufu wa rangi ya kuikinga.

Kazi ya daktari ni mbili. Ya kwanza ni kukata. Katika miaka ya 1930, Daktari Frederic Mohs wa Marekani alianza njia ya kukata kidogo kidogo. Kila kipande huchorewa ramani, na kingo zake hutazamwa kwa darubini. Saratani ikionekana upande mmoja, hukatwa tena upande ule tu. Si kila hospitali ina vyombo hivyo. Kwingine daktari hukata pamoja na ukingo wa ngozi nzima, kisha hupeleka kipande maabara.

Ya pili ni kuziba pengo. Pengo dogo hushonwa. La pua huweza kuzibwa kwa ngozi ya paji la uso: hugeuzwa chini, ikiwa bado imeshikamana na mshipa wake wa damu. Baada ya wiki tatu hivi, ikiisha kushika, hutenganishwa.

Kumbukeni: kwanza kingo ziwe safi, ndipo pengo lizibwe. Tusitandaze nyasi juu ya ndago.

Wengine husema, "Naogopa kisu kitaniharibu uso." Lakini kidonda cha ukubwa wa punje ya haragwe kikikatwa, huacha kovu dogo. Anayeuharibu uso ni yule anayengoja. Nendeni zahanati mapema, mpate barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwa watu wa Kagera, mojawapo ya hospitali za rufaa ni Bugando, Mwanza. Na mwenye ualbino asiende shambani bila kofia pana na shati la mikono mirefu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini daktari hutazama kingo kabla ya kuziba pengo?
2. Je, nyumbani kwako yuko mwenye kidonda kisichopona? Utamwambia nini leo jioni?

Kwaherini.