Gharama Zilizo Mikononi Mwetu: Hotuba ya Katibu



Miaka kumi ya chama kikuu chetu ina mengi ya kusifiwa, nasi tumewaachia wengine kazi hiyo. Sisi wa ofisi ya katibu twapenda kunena juu ya upotevu.

Bei ya pamba nyuzi hufuata soko la dunia. Mkulima wa Bunda hana kauli juu yake, wala chama hakina. Zilizo mikononi mwetu ni gharama. Kila senti itumikayo bure baina ya kituo cha kununulia na kiwanda cha kuchambulia hutoka katika fungu la mkulima, hata asipoiona kwenye stakabadhi.

Tutwae lori la tani 10. Likitumwa kuchukua tani 5, dereva ni yule yule, mafuta hayapungui sana, na kila kilo imelipiwa safari karibu mara mbili. Mara nyingi sababu si uhaba wa pamba. Ni karani kutomwarifu mwenzake kwamba mzigo haujatimia. Au tutwae mizani. Ikimzidishia muuzaji nusu kilo katika kila kilo 100, chama kinunuacho tani 200 kimepotelewa na kilo 1,000 kabla mwizi hajaingia ghalani. Ikikosea upande wa pili, mwenye kuibiwa ni mkulima. Na atiaye maji au mchanga katika pamba hudhani anampunja mnunuzi, kumbe anaichafua pamba safi ya jirani yake iliyomwagwa katika rundo lile lile, na rundo zima laweza kuhesabiwa fifi.

Mambo haya yana historia. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Bwana Paul Bomani, lilikuwa fahari ya wakulima wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza ushirika nchini, ikakuta watumishi kupita haja, upendeleo, na wanachama wasioelewa hesabu za vyama vyao. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikiri baadaye kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Nasi twaamini hivyo. Lakini twaamini pia kwamba chama kimlipacho mkulima vema hakifutiki kimya kimya.

Katika makisio ya msimu ujao tumepunguza vibarua wa ghalani. Twajua kibarua huyo ni mtoto wa mwenzetu, na posho yake ndiyo unga wa nyumbani. Neno hili si jepesi, wala hatulifichi. Fedha hizo twaomba zitumike ili mizani yote ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla ununuzi haujafunguliwa, na ili kila kituo kibandike ukutani, kila Jumamosi, kilo zilizopokewa, kilo zilizofika kiwandani, na tofauti yake. Mkutano ndio wenye kauli.