Kibarua wa Miaka Minne

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia baada ya ibada)



Mimi nilichuma majani chai miaka 19, na miaka saba ya mwisho wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Kwa hivyo nisiposema kama wakili, mniwie radhi.

Kulikuwa na mama mmoja tuliyechuma naye. Kila baada ya miezi mitatu nyapara alikuwa akiwaambia vibarua wakae nyumbani siku mbili, halafu wanaandikwa upya. Mambo yakaenda hivyo miaka minne. Mwaka 2011 mkono wake ulivimba, na asubuhi moja jina lake halikusomwa. Alipouliza aliambiwa, "Wewe ni kibarua tu." Akachukua kikapu chake akaenda. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mwakilishi mpya, na sikusema neno kwa sababu sikujua sheria. Hilo linaniuma mpaka leo.

Maana sheria ilikuwako. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa kila siku jioni, na asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, huyo anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Zile siku mbili za "pumziko" ni ujanja, na hakimu ana uwezo wa kuutazama. Tena, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, kwa kazi mbaya au kwa udhaifu wa mwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, mwenzake au mwakilishi wa chama akiwapo. Mama yule alikuwa na miaka mitatu ya kupeleka mashtaka kortini. Ikapita hivi hivi.

Sasa vijana huniuliza, "Mzee, chama cha nini? Ni kukatwa pesa tu." Nawajibu: mfanyakazi mmoja mmoja akiingia ofisini hurudi na karipio. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi, nayo ya 2007, inasema chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama, mwajiri hana budi kukitambua. Hapo ndipo mnaketi mezani mkapatana juu ya mshahara, nyumba na likizo, na mapatano yanaandikwa na kusajiliwa kortini.

Ni kweli kuna viongozi wa vyama wanaokula ada za watu. Sitawaficha. Lakini nyinyi mweka hazina akiwaibia, je, mnavunja kikundi au mnamwondoa?

Kugoma nako kuna utaratibu. Kwanza mazungumzo, kisha mpatanishi, na yakishindikana notisi ya siku saba. Tangu Mkataba wa 1962, serikali, waajiri na vyama walipotia sahihi pamoja, lengo limekuwa hilo: watu wasikilizane kabla ya kazi kusimama. Nimewahi kuona watu wakitupa vikapu chini kwa hasira bila notisi, wakapoteza kesi waliyokuwa na haki nayo kabisa.

Nimalizie kwenu, na msikasirike. Vikundi vyetu pia ni waajiri. Tuna mlinzi wa tangi la maji, tuna kijana wa kuchunga ng'ombe wa mradi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mkataba wa maandishi, na ni mwajiri anayepaswa kuuandika. Mkifika kortini bila karatasi, mlinzi akisema mlipatana kiasi fulani, ni nyinyi mtakaotakiwa kuonyesha kwamba sivyo.

Mama mweka hazina, kitabu unacho hapo. Hebu tuangalie jina la mlinzi liliandikwa lini mara ya kwanza.