Siku Njema Nyumbani: Kuishi na Selimundu Bila Kuacha Raha Ndogo za Maisha

Mazungumzo ya afya yaliyotolewa kwa wazazi, walezi na vijana wa Kilifi katika msimu wa kusi



Mazungumzo ya leo yanahusu ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mara nyingi ugonjwa huu hutajwa pale mtu anapolazwa, anapoongezewa damu au, kwa bahati mbaya, anapozikwa. Lakini mtoto mwenye selimundu halali hospitalini mwaka mzima. Siku zake nyingi yuko nyumbani: anaamka, anakula, anakwenda shule, anacheza, analala. Kwa hiyo swali la leo ni la nyumbani. Siku ya kawaida ya mtu huyu hufanywaje kuwa njema?

Ugonjwa wenyewe

Chembe nyekundu za damu kazi yake ni kubeba oksijeni. Za kawaida ni za duara na laini, hupita kwenye mishipa midogo bila taabu, na huishi kwa takriban siku 120. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Hunasa mishipani, damu ikazuilika, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo huanza. Tena haziishi muda mrefu. Nyingi hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu mgonjwa huwa na upungufu wa damu, huchoka upesi, na macho yake huweza kuwa ya manjano.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu aliyerithi chembe cha selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa mbebaji na kwa kawaida haugui. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Kwa hiyo mama hana lawama peke yake, wala baba. Si uchawi, si laana, wala hauambukizi kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja.

Kuna jambo jingine la kuwaondolea watu aibu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wabebaji wa selimundu wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana wabebaji ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu wengi, na ni wachache nyanda za juu. Wabebaji wa zamani walinusurika na malaria, wakaishi na kuzaa. Hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole.

Asubuhi na baridi ya kusi

Siku ya mwenye selimundu huanza na joto. Baridi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu, na msimu wa kusi una asubuhi za mvua na upepo. Maji ya kuoga yapashwe moto kidogo hata kama ndugu zake wanaoga ya baridi. Akitoka bafuni ajifute akauke na avae sweta kabla ya kuketi ukumbini. Akinyeshewa njiani, abadilishwe nguo mara tu anapofika nyumbani.

Asubuhi pia ndiyo saa ya dawa. Kwa kawaida kliniki humpa vidonge vya foliki asidi vinavyosaidia mwili kutengeneza damu, na dawa ya kuzuia malaria. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, huhitaji pia penisilini mara mbili kwa siku, kwa sababu bandama yao haiwezi kupambana na bakteria vizuri. Utafiti uliofanywa hapa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba bakteria wa nimonia ndio waliotajwa zaidi katika maambukizi ya damu ya watoto hawa. Chanjo ya kuwakinga ipo katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini tangu mwaka 2011. Mzazi anayekosa chanjo moja kwa sababu ya safari au msiba na arudi kliniki aulize, mlango haujafungwa.

Dawa ikiambatanishwa na jambo la kila siku haisahauliki. Wengine huiweka kando ya birika la chai, ili chai ikimiminwa dawa nayo imezwe. Baadhi ya wagonjwa hupewa pia haidroksiyurea, dawa inayopunguza mara ambazo maumivu hurudi. Hii huhitaji kupimwa damu kila mara, kwa hiyo haichukuliwi dukani kwa kukisia wala haigawiwi jirani.

Maji, chakula na jiko

Maji ndiyo dawa ya bei nafuu zaidi. Damu ikikosa maji, chembe hujikunja haraka. Mgonjwa anapaswa kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, asingoje kiu. Uji, supu, maji ya dafu na maji ya matunda yote yanahesabika. Katika vijiji ambako mtungi huteremshwa kichwani baada ya mwendo mrefu, familia inaweza kumtengea chupa yake, ijazwe kila jioni kabla maji hayajatumika kwa kazi nyingine.

Lakini maji mengi yana matokeo yake. Figo za mwenye selimundu hazihifadhi maji vizuri, hivyo hukojoa mara nyingi na watoto wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Huo si uvivu wala ukaidi. Kumchapa mtoto kwa sababu hiyo ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake, na kumnyima maji jioni ni kumwita maumivu usiku. Godoro lifunikwe kwa karatasi ya nailoni, aamshwe mara moja usiku, na shuka zifuliwe bila maneno. Mwalimu naye aombwe amruhusu kuwa na chupa ya maji darasani na kutoka kwenda msalani anapohitaji.

Chakula hakihitaji kuwa cha gharama. Mchicha, mnavu, kunde, mbaazi, samaki, mayai, embe na papai vinatosha kumjenga. Vidonge vya kuongeza madini ya chuma, hata hivyo, asipewe bila kupimwa, kwa kuwa upungufu wake wa damu mara nyingi hautokani na ukosefu wa chuma.

Raha si zawadi ya kupona

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea kwa mapenzi. Mtoto akishalazwa mara mbili tatu, hofu huingia. Huambiwa asikimbie, asiende baharini, asitumwe dukani, asilale kwa bibi. Ndugu zake huambiwa wasimguse. Baada ya muda huwa anaketi barazani akitazama wenzake wanavyocheza, ameepushwa na maumivu ya mwili akapewa upweke. Selimundu haina siku ya kumalizika kwa wengi wao. Raha ikingoja mpaka apone, itangoja maisha yote.

Kinachotakiwa ni kipimo, si marufuku. Mpira anaweza kucheza, mradi apumzike kabla hajachoka kabisa na anywe maji katikati. Wenzake wakizoea kwamba yeye hutoka akarudi, hakuna anayemcheka. Baharini anaweza kwenda adhuhuri jua likiwa kali na maji yamepata moto. Akae kwa muda mfupi, akitoka afutwe na kuvishwa nguo kavu. Alfajiri ya kusi si saa yake ya kuogelea.

Siku ambazo mwili ni mzito, kuna raha za kuketi. Bao halihitaji mbio. Karata, kuchora, kusuka ukili na bibi, kusikiliza mpira redioni na babu, kulisha kuku, kumwagilia mchicha uliopandwa kwenye gunia: hayo yote humpa mtu jambo la kungojea kesho. Kazi ndogo za nyumbani nazo ni heshima. Mtoto anayechambua mchele au kupepeta mbaazi anajua kwamba nyumba inamhitaji, si kwamba inamvumilia tu.

Vijana na watu wazima wenye selimundu wanayo haki hiyo hiyo. Wengi husoma, hufanya kazi, huoa na kuolewa. Fundi wa kushona, karani au muuza duka anaweza kuendelea na kazi yake ikiwa mwajiri anajua kwamba zipo siku za kupumzika. Kijana anayetaka kuoa na ajue hali yake na ya mchumba wake kwa kipimo cha damu, mapema, kabla ya mahari, ili wawili hao waamue wakiwa na habari kamili.

Maumivu yanapoanza

Maumivu madogo yanaweza kutulizwa nyumbani. Mgonjwa apewe maji mengi, afunikwe, akandwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na apewe parasetamoli au dawa nyingine kwa kipimo alichoelekezwa kliniki. Barafu haitumiwi. Asimulizwe hadithi, awekewe wimbo aupendao au ashikwe mkono. Akili ikipata mahali pa kwenda, maumivu hupungua makali. Anapaswa pia kuaminiwa. Maumivu ya selimundu hayaonekani kwa macho, na mtoto anayeambiwa anajifanya hujifunza kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja akiwa na lolote kati ya haya:

• Homa ya nyuzi 38 au zaidi.
• Maumivu ya kifua, kikohozi au kuhema kwa shida.
• Kupauka ghafla kwa midomo na viganja, au tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu.
• Mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kutatizika au degedege.
• Maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani.
• Kwa wavulana na wanaume, uume kusimama kwa maumivu bila kulala kwa zaidi ya saa 2.

Bandama inaweza kukusanya damu kwa saa chache na kuua mtoto mdogo. Kwa hiyo kila mama, baba na bibi anayelea aombe kliniki imfundishe kuipapasa, akijua ukubwa wake wa kawaida. Ni ujuzi wa dakika chache unaookoa maisha. Nauli ya dharura nayo iwekwe kando, na namba ya mwenye bodaboda au teksi anayekubali kutoka usiku iandikwe ukutani.

Anayeuguza naye ni mtu

Mama anayekesha usiku na kuamkia shambani huchoka. Akichoka, dawa husahaulika na maneno makali humtoka. Nyumba nzima igawane kazi: baba apeleke kliniki zamu moja, shangazi alale na mtoto usiku mmoja, kaka mkubwa ajue saa za dawa. Mama aende chamani, kanisani au msikitini bila kulaumiwa kwamba ameacha mgonjwa. Watoto wengine wa nyumba nao wasisahauliwe. Mtoto mzima anayeona kila kitu ni cha mgonjwa huanza kumwonea kijicho nduguye.

Msaada ulipo

Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kila kijiji anaweza kutembelea nyumba, kukumbusha siku za kliniki na kuielekeza familia kwenye kituo kilicho karibu. Familia ambayo haijajisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ifanye hivyo kabla ya dharura, kwa sababu usiku wa homa si wakati wa kutafuta vitambulisho. Watoto wachanga ambao ndugu yao ana selimundu wapimwe mapema, hata wakionekana wazima. Na kila mtu mwenye afya anaweza kuchangia damu, kwa kuwa mgonjwa anayehitaji kuongezewa damu hutegemea mtu asiyemjua.

Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio kuhusu selimundu mwezi Desemba 2008, na kila tarehe 19 Juni dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu. Hapa Pwani siku hiyo huangukia katikati ya kusi, wakati sweta na maji ya moto yanahitajika zaidi. Ni ukumbusho unaofaa. Nyumba yenye mgonjwa na ianze na mambo matatu jioni ya leo: chupa ya maji ijazwe, dawa ya kesho iwekwe kando ya birika, na mgonjwa aulizwe kesho angependa kufanya nini. Jibu lake, hata likiwa ni kucheza bao na babu tu, litafutiwe nafasi.