Kijana Aliyerejea Nyumbani na Shahada

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, Mwenye kumruzuku amtakaye bila ya hesabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Twaziusia nafsi zetu, kisha twakuusieni nanyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza majumbani. Yupo kijana wa mtaa wetu aliyehitimu chuo kikuu, akarejea kwa wazee wake kungoja kazi. Mwaka wa kwanza hakukosa Ijumaa hata moja. Nasi kila tulipokutana naye mlangoni mwa msikiti, baada ya salamu tulimwuliza, na watu wakisikia: "Je, umekwisha pata kazi?" Tulidhani tunamwonyesha huruma. Siku moja tukatanabahi kwamba kijana haonekani tena. Tukamfuata kwao baada ya sala ya Alasiri, na tulipojua sababu tukamtaka radhi. Akatujibu kwa adabu: "Maalim, si wewe peke yako. Kila Ijumaa nililijibu swali hilo mara kumi kabla sijavaa viatu."

Akatueleza pia jinsi alalavyo. Kitanda chake cha zamani kimeshikwa na mdogo wake, naye hutandika mkeka barazani wageni wakisha ondoka. Baba yake hamsemeshi neno ila la lazima. Mama humfunikia chakula, naye hungoja wenziwe walale ndipo akifunue, kwa kuona haya kula mbele ya baba. Huyu si mvivu, enyi Waislamu, wala si mlevi. Ameandika barua za kuomba kazi hata fedha za nauli na za kutoa nakala za vyeti zikamwishia.

Aghalabu sisi wazee huwapima vijana hawa kwa kipimo cha zama zetu, na hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kama chuo kishiriki mwaka 1961, kilikuwa na fani moja tu, nayo ni sheria. Hata katika miaka ya 1970 waliohitimu walikuwa wachache, na Serikali na mashirika ya umma yakiwahitaji, hata mtu akijua mahali atakapofanya kazi kabla hajafunga sanduku lake. Katika miaka ya 1990 mashirika mengi yakauzwa au yakafungwa, na Serikali ikapunguza kuajiri. Kisha vyuo vikaongezeka na wahitimu wakawa maelfu. Basi baba anayesema, "Mimi nilimaliza Mei, Juni nikaanza kazi," asema kweli, lakini kweli hiyo si hoja juu ya mwanawe.

Tuitazame habari ya Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alilelewa katika kasri la Firauni, kisha akatoka Misri mwenye hofu, hana masurufu, hana nyumba. Akafika kwenye maji ya Madyan akawanywesheshea wanyama wasichana wawili waliokuwa wakingoja wachungaji waondoke. Kisha akarudi kivulini akamwomba Mola wake, akikiri kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Hakungoja apate kazi ndipo asaidie watu. Mzee wa wasichana wale akamwita. (Wengi wetu husema mzee huyo ni Nabii Shuaib, wanavyuoni wamehitilafiana, na Qurani haikumtaja jina.) Musa akamsimulia mkasa wake wote, na neno la kwanza la mzee lilikuwa la kumwondolea hofu. Kisha mmoja wa wale binti akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Wakafunga mkataba wa miaka minane, naye akitaka kuitimiza kumi ni hiari yake, na mzee akamwoza binti yake.

Hapo yamo mambo ambayo majumbani mwetu twayapita. Mzee alimtuliza mgeni kabla ya kumpa kazi. Na alipompa kazi, hakumwacha akae kama mgeni asiyejua lini atafukuzwa. Alimwekea muda na masharti yanayojulikana. Naye Musa, aliyekulia kasrini, hakuona aibu kuchunga mbuzi wa watu miaka ile yote.

Basi je, ni wajibu wa baba kumlisha mtoto aliyekwisha baleghe? Tumeulizwa hili mara nyingi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.), mtoto mkubwa, mwenye afya na awezaye kuchuma, baba halazimiki kumlisha. Madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal (R.A.) yautazama ufukara wa mtoto: akiwa hana kitu wala pato, na baba anacho, basi ana haki, hata kama ni mkubwa na mzima. Miongoni mwa dalili zao ni habari ya Hindu, mkewe Abu Sufyan, aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, na hapo hawakutengwa wakubwa na wadogo. Wapo akina baba wanaolishika neno la madhehebu yetu kama rungu. Twawaambia: someni sharti lake. Limesemwa "awezaye kuchuma", na aliyebisha kila mlango asifunguliwe si sawa na aliyelala mpaka Adhuhuri.

Nanyi vijana, msidhani kuwa tumekupeni ruhusa ya kulala mpaka Adhuhuri. Aliye nyumbani kwa wazee wake ashike kazi ya nyumba: ateke maji, atengeneze paa linalovuja, awasomeshe wadogo zake hesabu, amfuate baba dukani au shambani. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina, Saad bin Rabii (R.A.) alimtolea nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko lilipo. Akauza jibini na samli. Shahada haiharibiki kwa kuuza samli.

Na mtoto akipata kazi, wazee msiuhesabu mshahara wote kabla haujaingia. Waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na deni ni deni, lazima lilipwe. Tumeona mama akinuna kwa kupungukiwa na posho, ilhali mtoto hakuficha kitu.

Lililobaki latuhusu sisi wenye nyumba za kupangisha, na tumo wengi katika safu hizi. Kijana akianza kazi mjini, mshahara wa kwanza hajaupokea, huambiwa alipe kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, kwa chumba kimoja, na dalali naye angoja chake. Hatusemi kuwa ni haramu. Kutanguliza ujira kwa mapatano kunajuzu. Lakini tujiulize kijana huyo azipate wapi, kama si kwa kukopa kwa riba. Wangapi wamechumbia, na harusi yaahirishwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya chumba? Mke ana haki ya maskani yake ya kusitirika, na barazani kwa wazee hapatoshi. Sisi wenyewe tuna vyumba viwili vya urithi, na tangu mwezi uliopita tumevitoa kwa kodi ya mwezi kwa mwezi. Mwenye kuweza na afanye hivyo, walau kwa mpangaji mmoja.

Ewe Mola wetu, wafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, wape makazi ya sitara, na uzilainishe nyoyo za baba na wana wao. Twasema haya tuliyoyasema, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, sisi na nyinyi na Waislamu wote. Amin.