Ukingo wa Ziwa Unahitaji Watembeaji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Wengi wetu hukisikia kifungu hiki siku ya bomoabomoa tu, ukuta wa jirani unapopigwa alama ya X nyekundu. Swali la pili huulizwa kwa nadra: akishaondoka mwenye nyumba, ukanda ule unabaki wa nani? Kiofisi unabaki wa umma. Uwandani unabaki wa atakayewahi: mwenye jembe maji yakirudi nyuma wakati wa kiangazi, mwenye ng'ombe, mwenye lori la mchanga. Hoja yangu leo ni kwamba ukingo wenye njia ya miguu, na familia zinazoipita kila mwisho wa juma, unalindika kuliko ukingo ulioachwa mtupu, na kwamba kuifungua njia hiyo ni kazi ya halmashauri zetu.

Mfano uko Tengeru, kilomita kama 15 mashariki ya jiji la Arusha, upande wa barabara iendayo Moshi. Ziwa Duluti ni ziwa dogo la kreta, hekta 60 na ushei, lililozungukwa na msitu ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Nje ya msitu huo kuna kila kitu kiwezacho kumeza ziwa dogo: migomba, kahawa, mashamba ya maua, nyumba zinazoongezeka, na soko ambalo siku ya gulio hufurika. Hata hivyo msitu umebaki. Hadhi ya kisheria imesaidia, sibishi. Lakini ipo misitu mingi nchini yenye hadhi kwenye makaratasi na visiki ardhini. Duluti ina njia inayolizunguka ziwa. Watu hulipa kiingilio, hutembea, hupiga kasia. Mti ukikatwa asubuhi, kufikia jioni kuna aliyekiona kisiki, na aliyekiona ana sababu ya kuuliza kwa sababu alilipia kivuli chake.

Na vya kuona vipo: mdiria akielea angani juu ya maji kabla ya kujitupa, furukombe kwenye mti mkavu, kenge akiota jua, kima matawini. Hakuna kati yao anayehitaji gari la kukodi, na hapa ndipo ninapotofautiana na jinsi tunavyohubiri utalii wa ndani. Matangazo huonyesha Serengeti. Serengeti inastahili sifa zake zote, ila mzazi mwenye watoto wanne akipiga hesabu ya gari, mafuta, kiingilio na malazi, tangazo hilo linamwambia kwamba wanyama ni wa wengine. Ziwa la jirani humwambia kinyume chake. Tena mtoto anayetembea hujifunza kwa mwendo wake mwenyewe. Husimama anapotaka na hurudi nyuma kuangalia tena, jambo ambalo dereva wa gari la watalii hana muda nalo. Nchini Kenya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa kujitolea wamekuwa wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa kuhesabu ndege wa maji kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa. Mtu hawezi kujitolea kuhesabu ndege wa ziwa ambalo hajawahi kulikaribia.

Atakayepinga ataniletea Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, likawa pia mahali pa starehe, lenye mashua za tanga na klabu yake. Baadaye likamezwa na gugu maji, tope na majitaka. Kama wageni hulinda maji, mbona hili halikulindwa? Ni swali la haki, na sehemu ya jibu inanipunguzia hoja: hakuna idadi ya watembeaji iwezayo kufanya kazi ya bomba la majitaka. Mtaa wa Kibera ulikua jirani na bwawa hilo bila mfumo wa kutosha wa majitaka, na maji hufuata mteremko. Anayeahidi kwamba viti vya bustani vitasafisha bwawa anadanganya. Lakini tuangalie pia waliokuwa wakilifurahia. Ilikuwa starehe ya wenye mashua. Maji yalipoharibika, hao walikuwa na pengine pa kwenda, na jirani wa Kibera hakuwahi kupewa sababu ya kuliita bwawa lake. Ziwa Naivasha, hukohuko Kenya, linanitia wasiwasi wa aina hiyohiyo: ni ardhioevu inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 1995, lakini sehemu kubwa ya mwambao wake ni mashamba ya maua, hoteli na ardhi za watu binafsi, na mkazi wa kawaida wa mji hutafuta upenyo wa kulifikia ziwa.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la mamlaka za maji. Bwawa la Mindu ndilo tegemeo kubwa la Manispaa ya Morogoro, na mhandisi wake ana haki ya kusema kwamba maji ya kunywa si mahali pa pikiniki. Nakubaliana naye kuhusu kuogelea, kufua na kuosha magari. Hayo yapigwe marufuku bila msamaha, na ukuta wa bwawa ufungwe. Sikubaliani naye kwamba mtembeaji ndiye adui. Mindu inasumbuliwa na tope linaloshuka kutoka mashambani, kwenye malisho na kwenye machimbo ya juu ya bonde, na tope halivai raba wala halibebi mtoto mgongoni. Uingereza wana Rutland Water, bwawa la maji ya kunywa lililojazwa miaka ya 1970. Kandokando yake kuna njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, na tangu 2001 tai wala samaki aina ya osprey wamekuwa wakizaliana hapo. Maji hayo husafishwa kabla ya kufika bombani, kama yanavyopaswa kusafishwa ya Morogoro.

Kuna hofu ya viboko, mamba na kichocho, nayo si ya kupuuzwa. Zipo kingo ambazo hazifai kabisa kwa watoto na zibaki zimefungwa. Kwingine hatari hupungua kwa utaratibu: kiboko hutoka majini kula majani hasa usiku, basi njia ifungwe kabla ya jua kuzama; kichocho humwingia mtu anayegusa maji yenye konokono wa ugonjwa huo, basi njia nzuri ni ile inayomweka mgeni pakavu. Kuhusu vibaka, Nairobi imeshajibu. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999, ulikuwa jina la kutisha. Ulipowekewa uzio, walinzi na njia, familia zikaujaza.

Taka zitakuja pamoja na watu, hilo halina ubishi. Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika maeneo ya hifadhi mwezi Juni 2020, na halmashauri inaweza kuweka sharti hilohilo langoni. Kinachohitajika si kikubwa: njia ya udongo iliyoshindiliwa, vyoo vilivyo mbali na maji, walinzi wawili watatu kutoka kijiji jirani, na kiingilio ambacho mzazi wa watoto wanne hatakikimbia. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na bajeti za halmashauri hupitishwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Diwani wako aulizwe sasa.