HESABU ZA WALIMU KATIKA NCHI ILIYOTOKA VITANI: MFANO WA MSUMBIJI

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilianza mwaka 1977 na kumalizika kwa Mkataba wa Amani uliotiwa saini mjini Rome tarehe 4 Oktoba, 1992. Katika miaka hiyo skuli nyingi za vijijini zilichomwa moto au kufungwa, na walimu waliuawa, walitekwa au walikimbia. Amani iliporejea, wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirudi kutoka nchi jirani, wengi wao kutoka Malawi. Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ikakabiliwa na swali zito: walimu wangapi watahitajika, wapi, na lini?

Swali hilo halijibiwi kwa kukisia. Kielelezo cha kihisabati cha walimu kina pande mbili. Upande wa kwanza ni mahitaji: wanafunzi wanaotarajiwa hugawanywa kwa idadi ambayo mwalimu mmoja anapaswa kuifundisha. Upande wa pili ni upatikanaji: katika walimu waliopo huondolewa wale watakaoacha kazi, watakaostaafu na watakaofariki, kisha hujumlishwa wahitimu wapya wa vyuo. Tofauti ya pande hizo ndiyo pengo, na hesabu hurudiwa mwaka hadi mwaka.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, wilaya yenye wanafunzi 12,000 na walimu 180, ambayo lengo lake ni wanafunzi 50 kwa kila mwalimu. Mahitaji ni walimu 240. Pengo ni 60. Ikiwa kila mwaka wanafunzi wanaongezeka kwa asilimia 5, walimu wanaondoka kwa asilimia 8, na chuo kinatoa wahitimu 30, baada ya miaka 3 walimu watakuwa 223 na mahitaji yatakuwa 278. Wahitimu 90 wameajiriwa, na pengo limepungua kwa walimu 5 tu. Lakini wakiondoka asilimia 4 badala ya 8, walimu watafikia 246 na pengo litashuka hadi 32. Faida hiyo ni karibu sawa na chuo kutoa wahitimu 38 kwa mwaka badala ya 30. Kwa hiyo nyumba ya mwalimu, mshahara unaofika kwa wakati na usalama wa kijiji vimo ndani ya hesabu; havihesabiwi kuwa hisani.

Katika nchi iliyotoka vitani, tarakimu zenyewe ni za mashaka. Orodha ya mishahara huweza kubeba majina ya marehemu, na familia zinazorudi hazirudi zote msimu mmoja wala mahali pamoja. Kwa sababu hiyo mpangaji makini hakokotoi mara moja. Hukokotoa mara tatu: wakirudi wachache, wakirudi wa kadiri, na wakirudi wengi, kisha huchagua mpango utakaovumilia hali zote tatu.

Uamuzi wa Serikali pia hubadili mahitaji. Ada za skuli za msingi zilipofutwa nchini Msumbiji katikati ya miaka ya 2000, watoto wengi zaidi waliandikishwa. Mwaka 2007 yakaanzishwa mafunzo ya ualimu ya mwaka mmoja kwa waliomaliza darasa la kumi. Njia hiyo iliongeza kasi ya kupata walimu, lakini kielelezo huhesabu watu; hakipimi kama mwanafunzi amejua kusoma. Kazi hiyo hubaki kwa wakaguzi.

Tangu Oktoba 2017 vita vimeikumba Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye mwambao wa wasemaji wa Kimwani, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili. Wakaazi laki kadhaa walihama makwao. Mtoto aliyehama huongeza mahitaji ya walimu pale alipokimbilia, na wastani wa taifa hauonyeshi darasa lililofurika.

Hakuna kompyuta inayoweza kusahihisha daftari la uongo. Mwalimu mkuu anayeandika mahudhurio kwa uaminifu, karani anayefuta jina la aliyeondoka, na mzazi anayemwandikisha mwanawe kwa wakati, hao ndio msingi wa hesabu yote. Daftari likikosewa, mwalimu hupelekwa pasipo na upungufu, na watoto wanaomngojea huupoteza mwaka wao wa masomo.